Kichupa cha Watoto Kumi

Mwombe bibi yako akuonyeshe mkono wake wa kushoto, juu, karibu na bega. Kama alizaliwa kabla ya mwaka 1970, huenda utaona hapo kovu la mviringo lililobonyea kidogo. Hiyo ni alama ya chanjo ya ndui. Wazee wengi wa Kongo wanayo. Mwisho wa miaka ya 1960 wachanjaji walizunguka nchi kwa gari, kwa mtumbwi na kwa miguu. Watu waliitwa chini ya mwembe wakapanga mstari, wakubwa kwa wadogo. Mahali pengine wachanjaji walikuwa na chombo mfano wa bastola, kisicho na sindano, chenye kusukuma dawa ndani ya ngozi kwa nguvu. Si ajabu kama watoto walikiogopa.

Ndui iliua karibu watu watatu katika kila wagonjwa kumi, na wengi wa waliopona walibaki na makovu usoni, au walipofuka. Mgonjwa wa mwisho wa ndui katika Kongo alionekana mwaka 1971, mwaka ule ule nchi ilipopewa jina la Zaire. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kijijini au mjini katika dunia nzima alionekana Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Ndiyo sababu wewe huna kovu hilo. Kama una kovu dogo mkononi, hilo ni la chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto hupewa akiisha kuzaliwa.

Habari ya chanjo si ya jana. Mwaka 1796 mganga mmoja wa Uingereza, jina lake Edward Jenner, aliwasikiliza watu wa shamba waliosema kwamba wanawake wakamuao maziwa, wakiisha kupata vipele vya ng'ombe mikononi, hawashikwi na ndui. Akachukua usaha wa vipele hivyo, akamchanja mtoto mmoja. Mtoto yule hakupata ndui. Mwili ukionyeshwa adui aliye dhaifu hujifunza sura yake. Siku adui mwenye nguvu akija, mwili humtambua mlangoni. Chanjo zote hufanya kazi kwa namna hiyo, hata zile ambazo Jenner hakuziota.

Sasa tazama surua. Watu wengi huidharau, kwa maana wameiona mara nyingi, na wamewaona watoto waliopona. Tena wako wasemao kwamba kila mtoto sharti apite katika surua kama apitavyo katika kuota meno. Maneno hayo yamewapeleka watoto wengi kaburini.

Kijidudu cha surua ni kidogo mno, hakionekani kwa macho. Hukaa puani na kooni mwa mgonjwa, naye akikohoa hukitupa hewani. Hata mgonjwa akitoka nyumbani, kijidudu chaweza kubaki katika hewa ya nyumba ile kwa muda wa saa mbili, kikimngojea atakayeingia. Baada ya siku kumi hivi mtoto aliyekivuta hushikwa na homa. Hukohoa, pua hutoka maji, macho huwa mekundu, na mwanga humwumiza. Baada ya siku chache vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni, vikashuka kifuani mpaka miguuni. Lakini angalia: siku nne kabla ya vipele kuonekana, mtoto yule alikuwa tayari anaambukiza wengine. Mama yake alidhani ni mafua tu, akampeleka sokoni mgongoni. Mahali ambapo hakuna mtu aliyechanjwa, mgonjwa mmoja wa surua huambukiza watu 12 mpaka 18. Hakuna magonjwa mengi yenye mbio za namna hiyo.

Mara nyingi surua yenyewe siyo imalizayo mtoto. Hufungua mlango, na nyuma yake huingia ugonjwa wa mapafu, kuhara, na udhaifu wa mwili. Mtoto aliyekuwa halishwi vizuri, aliyezoea bukari tupu bila samaki wala maharagwe, huyo huanguka upesi kuliko wengine. Macho nayo yamo hatarini, kwa sababu surua hula akiba ya vitamini A iliyo mwilini, na bila vitamini hiyo kioo cha jicho hukauka na kupasuka. Kwa hiyo kwenye kituo cha afya mgonjwa wa surua hupewa matone ya vitamini A siku mbili mfululizo. Nyumbani wengine humtilia mtoto maji ya majani machoni. Hufanya hivyo kwa upendo, bila shaka. Lakini majani hayo yamewapofusha watoto ambao surua peke yake isingewapofusha.

Dawa ya kuua kijidudu cha surua haipo. Kuna chanjo.

Chanjo ya surua ni unga mkavu, mdogo sana, chini ya kichupa cha kioo. Mwuguzi huuchanganya na maji yake maalumu, akatikisa, ndipo huvuta katika sindano. Katika Kongo kichupa kimoja huwatosha watoto kumi. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi tisa, na miaka hii dozi ya pili imeongezwa, katika mwezi wa kumi na tano. Pengine utauliza: kwa nini mtoto asichanjwe siku ile anapozaliwa? Kwa sababu mama aliyepata kuugua surua, au kuchanjwa, humpa mtoto ulinzi wake tangu tumboni. Ulinzi ule ni mzuri, lakini hudumu miezi michache tu, na wakati ungali na nguvu huiharibu chanjo. Basi sharti kungoja mpaka ulinzi wa mama upungue, lakini pasiwe kuchelewa mno, surua isije ikatangulia. Hapo katikati pana mlango mwembamba, na mwezi wa tisa ndio mlango huo.

Jambo jingine la chanjo ni kwamba haipendi joto. Lazima ikae kati ya digri 2 na digri 8, toka kiwandani mpaka mkononi mwa mtoto. Wewe unayekaa Kinshasa au Lubumbashi karibu na nyumba yenye umeme huwezi kuona ugumu wake. Afadhali tuifuate safari yake mpaka jimbo la Tanganyika.

Tanganyika lilikuwa sehemu ya Katanga mpaka mwaka 2015. Mji wake mkubwa ni Kalemie, kando ya ziwa. Jimbo ni pana, karibu kilomita za mraba 135,000, yaani karibu mara tano ya nchi ya Burundi, nalo limegawanyika katika zoni za afya 11: Kalemie, Nyemba, Moba, Kansimba, Manono, Kiambi, Ankoro, Kabalo, Kongolo, Mbulula na Nyunzu. Chanjo hutoka ng'ambo ya bahari kwa ndege mpaka Kinshasa. Toka Kinshasa mpaka Kalemie ni zaidi ya kilomita 1,500 ukipima kama ndege arukavyo, na njia ya gari ya kupita moja kwa moja hakuna. Kwa hiyo hupanda ndege tena. Kalemie huwekwa katika frigo kubwa. Halafu zoni huja kuchukua sehemu yao: wengine kwa gari, wengine kwa pikipiki, wengine kwa mtumbwi wa mota ziwani. Toka makao ya zoni mpaka kituo cha kijijini, mara nyingi ni pikipiki, na pikipiki ikishindwa ni baiskeli, na baiskeli ikishindwa ni miguu.

Katika safari hiyo chanjo hukaa katika kisanduku chenye kuta nene, pamoja na vipande vya barafu. Barafu hudumu siku chache tu. Daraja likiwa limevunjika, au mto umefurika, au njiani kuna watu wenye bunduki, barafu haingoji mtu, huyeyuka tu. Zamani vituo vilikuwa na frigo za petroli, zenye utambi wa kusafishwa kila mara, na petroli ilipokosekana frigo ikawa kabati. Siku hizi vituo vingi vimepewa frigo za jua, nazo zimeondoa taabu nyingi. Tena vichupa vimewekewa alama ya akili sana: duara, na ndani yake kijumba cha pembe nne kilicho cheupe. Joto likizidi, kijumba hugeuka polepole kuwa cheusi. Kikifanana rangi na duara, au kikilipita kwa weusi, kichupa hutupwa. Alama hii ilianza kutumika kwenye chanjo ya polio mwaka 1996. Hata mtu asiyejua kusoma aweza kuisoma.

Sasa tumefika kijijini, na kichupa ni kizima. Je, shida imekwisha? Sikilizeni habari ya siku moja ya kilo.

Siku ya kilo ndiyo siku akina mama wanapowaleta watoto kupimwa uzito. Kituo chenyewe ni cha matofali, chenye vyumba viwili na baraza, si mbali na mto Lukuga. Mwuguzi ni mmoja. Siku ya Jumanne, mwezi wa Februari, walikuja akina mama ishirini, wengi na watoto wachanga, lakini waliofikisha miezi tisa walikuwa watatu tu. Mwuguzi akatazama ndani ya frigo. Chanjo ya surua ilibaki vichupa viwili, na mzigo mwingine hautafika mpaka mwezi unaofuata. Akapiga hesabu kichwani. Kichupa kikiisha kuchanganywa na maji, huharibika baada ya saa sita. Akifungua kwa ajili ya watoto watatu, dozi saba zitamwagwa jioni.

Akatoka barazani, akasema: «Mama zangu, wenye watoto wa surua, mnisamehe. Ninyi ni watatu. Mrudi Alhamisi ya juma lijalo, tutakuwa wengi, nitafungua.»

Mama wawili walikaa karibu, wakaitika. Wa tatu alitoka ng'ambo ya Lukuga. Alikuwa ameondoka jogoo la kwanza, akatembea kilomita 18, akalipa franka za mvushaji. Mkononi alimshika binti yake, mwanafunzi wa darasa la tano, aliyekuja kumsaidia kubeba mzigo wa mihogo.

«Baba munganga,» akasema mama, «mimi natoka mbali. Huwezi kumsaidia huyu mmoja?»

«Mama, nikimfungulia mmoja, wa kesho nitawapa nini? Wakubwa wataniuliza dawa imekwenda wapi.»

Mama hakugombana. Alifunga kitenge chake, akamweka mtoto mgongoni. Mwuguzi akaandika katika kadi: Arudi Alhamisi. Binti aliisoma kadi njiani mara mbili, asije akasahau siku.

Alhamisi ile mvua ilianza usiku. Lukuga ilipanda, na mvushaji alifunga mtumbwi wake kwenye mti, akakaa ndani. Juma lililofuata ilikuwa kazi ya kupalilia. Halafu baba wa mtoto akashikwa na homa. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda kwa watu wenye kazi nyingi na njia ndefu. Wako wasemao mijini kwamba akina mama wa porini hawapendi chanjo kwa sababu ya ujinga. Wapo wanaoziogopa, ni kweli, na maneno ya uongo huzunguka upesi kuliko baiskeli. Lakini mama huyu alikuwa ametembea saa tano kwenda, na saa tano kurudi.

Mwezi wa Mei surua ilivuka mto. Iliwashika watoto wa kijiji kile mmoja baada ya mwingine, na yule mtoto naye akashikwa. Alipelekwa kituoni siku ya sita, amekonda, haonyi mwanga. Alipewa vitamini A na dawa ya mapafu. Akapona, lakini jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuwa jeupe. Watoto wawili wa nyumba za jirani hawakupona.

Mwuguzi alimtambua mama yule. Alifungua daftari la mwezi wa Februari, akaona mwandiko wake mwenyewe. Wala mama hakumlaumu kwa neno hata moja, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama.

Je, mwuguzi alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alifanya kama wafanyavyo wengi, kwa kuogopa kupoteza mali ya watu. Amri ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya chanjo hiyo ni nyingine: kichupa kifunguliwe hata kama mtoto ni mmoja. Dozi za surua ni za bei nafuu, na mtoto aliyerudishwa nyumbani huenda asionekane tena. Lakini amri hiyo yafaa nini kama frigo ina vichupa viwili? Basi yafaa kuuliza: kwa nini vilikuwa viwili?

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Zoni hugawa vichupa kwa kufuata idadi ya watoto wanaodhaniwa kuzaliwa kila mwaka. Idadi hiyo hutoka wapi? Kongo ilihesabu watu wake wote mara ya mwisho mwaka 1984. Toka siku hizo, mwaka kwa mwaka, watu wa ofisi huongeza sehemu kidogo juu ya hesabu ya zamani, kama mtu anayekisia kimo cha mwanawe kwa kutazama picha ya utotoni. Tena watu hawakai mahali pamoja. Kuanzia mwaka 2016 vita vya Wabatwa na Waluba katika Tanganyika viliwafukuza mamia ya maelfu ya watu toka vijijini mwao. Vijiji vingine vilibaki majivu, vingine vikajaa wageni mara dufu. Karatasi za ofisi hazikukimbia pamoja nao.

Katika shule ya msingi iliyo jirani na kituo, mwalimu wa darasa la tano alikuwa akifundisha hesabu ya mia kwa mia. Akaenda kwa mwuguzi, akaomba namba za kweli, maana watoto huchoka na hesabu za machungwa. Mwuguzi akampa: kwa karatasi, watoto wa umri wa kuchanjwa surua katika mwaka ule walikuwa 40. Waliochanjwa walikuwa 44.

Mwalimu akaandika ubaoni: 44 katika 40. Wanafunzi wakapiga hesabu, wakapata 110 katika mia.

Binti wa ng'ambo ya Lukuga, aliyekaa kwa shangazi yake ili asome, akainua mkono. «Mwalimu, watu 110 watatokaje katika watu 100?»

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema: «Na ndugu yako mdogo yumo katika 110 hao?»

«Hayumo.»

Basi Jumamosi mwalimu, kwa ruhusa ya mkubwa wa kijiji, aliwagawa wanafunzi wawili wawili, pamoja na wasaidizi wa kijiji wanaoitwa reko. Walipita nyumba kwa nyumba, hata kambini kwa wakimbizi, hata kwa Wabatwa waliojenga pembeni, ambao mara nyingi hakuna awahesabuye. Hawakuuliza mengi: Kuna mtoto mwenye umri wa miezi tisa na zaidi ambaye hajamaliza mwaka wake wa pili? Ana kadi? Wakaandika, wakaondoa wale ambao umri wao haukuingia katika mwaka ule wa daftari. Watoto hawakuwa 40. Walikuwa 60.

Mwalimu akafuta ubao, akaandika tena: 44 katika 60. Jibu ni 73 na kitu. Hivyo kituo kilichoandikwa kuwa kimepita mia kilikuwa na watoto 16 wasiochanjwa, nao hawakutawanyika sawasawa: wengi walikuwa kambini, na kwa Wabatwa, na ng'ambo ya mto. Surua hupenda hivyo. Haijali hesabu ya jimbo zima. Hutafuta mahali ambapo wasiochanjwa wamekaa pamoja.

Tena kuna hesabu nyingine ambayo hata wakubwa huisahau. Dozi moja ya mwezi wa tisa hulinda kama watoto 85 katika 100 waliochanjwa. Kwa 15 wengine mwili haukujifunza vizuri. Haya, chukua mahali ambapo kila mwaka huzaliwa watoto 100, na 80 kati yao huchanjwa. Waliolindwa kweli ni 68. Waliobaki wazi ni 32. Mwaka wa kwanza hakuna kitu kinachotokea, na watu husema: kazi ni nzuri. Mwaka wa pili wanaongezeka 32 wengine, jumla 64. Mwaka wa tatu, 96. Nyasi zimerundikana, zimekauka, inabaki cheche. Hii ndiyo sababu surua hurudi kila baada ya miaka kadhaa, na watu hushangaa kana kwamba imetoka mbinguni. Ili isipate njia, yafaa watoto 95 katika kila 100 wapate chanjo, tena dozi mbili, ya pili ikiwaokota wale ambao ya kwanza iliwaacha.

Kongo ilikuwa mbali na 95. Uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba katika nchi nzima mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba katika watoto 100 wenye mwaka mmoja, kama 35 tu walikuwa wamepata chanjo zao zote. Nyasi zilikuwa zimekwisha kukauka. Mwaka 2019 surua iliwaka katika majimbo yote 26. Ilipotangazwa kwisha, mwezi wa Agosti 2020, ilikuwa imeua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wasiofikia miaka mitano. Wakati ule ule Ebola ilikuwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikaua watu zaidi ya 2,200, na dunia nzima ilijua habari zake. Surua iliua mara tatu zaidi, lakini waliosikia walikuwa wachache. Ugonjwa wa zamani hauna habari mpya.

Serikali ilikuwa imeanza kazi kabla ya moto huo. Mwaka 2018 ilitoa mpango ulioitwa kwa jina la Profesa Mashako, aliyepata kuwa waziri wa afya na ambaye amekwisha kufariki. Mpango ulianza katika majimbo tisa yenye watoto wengi wasiochanjwa, na Tanganyika lilikuwa moja. Hakuna mambo makubwa ndani yake: vituo vifanye siku za chanjo kweli, si kwa karatasi, chanjo zisikosekane katika frigo, wakaguzi wafike na kutazama kwa macho. Ni ajabu jinsi mambo madogo ya namna hiyo yanavyokuwa magumu mahali pasipo na barabara.

Katika kituo kile cha karibu na Lukuga, karatasi ya wanafunzi ilipelekwa kwenye makao ya zoni, ikiwa na sahihi ya mwalimu, ya mwuguzi na ya mkubwa wa kijiji. Haikuleta mambo yote. Mkaguzi alikuja baada ya miezi miwili, akauliza maswali mengi, akahesabu mwenyewe nyumba chache, akakuta ni kweli. Toka hapo kituo kilipewa vichupa sita vya surua kwa mwezi. Tena mara moja kwa mwezi mwuguzi huvuka mto na kisanduku cha barafu begani, akachanja chini ya mwembe ng'ambo ya pili, ili akina mama wasitembee kilomita 18.

Siku ya kwanza ng'ambo, walikuja watoto wawili tu wa miezi tisa. Wengine walikuwa shambani na mama zao. Mwuguzi alitazama kichupa, akatazama kijumba kilicho katika duara: kilikuwa cheupe. Akavunja kifuniko, akachanganya unga na maji, akawachanja wote wawili. Mama mwenye mtoto wa jicho jeupe alikuwa amesimama hapo, maana mwanawe naye aliletwa. Aliuliza kama waliopata kuugua huchanjwa nao. Mwuguzi akajibu kwamba hakuna madhara, akamchanja wa tatu.

Wakangoja mpaka saa tisa. Hakuja mwingine. Mwuguzi akafungua daftari lake akaandika: Waliochanjwa 3. Zilizotupwa 7. Akatia sahihi, akafunga kisanduku, akashuka mtoni kumwita mvushaji.

Maulizo

1. Kovu la mkono wa bibi lilitokana na chanjo gani? Kwa nini watoto wa leo hawana kovu hilo?

2. Mtoto wa surua huanza kuambukiza wengine lini? Mama yake aweza kujua?

3. Kijumba kilicho ndani ya duara la kichupa kina kazi gani?

4. Katika kijiji kimoja karatasi yasema kuna watoto 50 wa kuchanjwa. Waliochanjwa ni 54. Wanafunzi wamehesabu nyumba kwa nyumba, wakapata watoto 72. Tafuta mia kwa mia ya karatasi na ya kweli. Ni watoto wangapi wamesahauliwa?

5. Mahali ambapo huzaliwa watoto 200 kila mwaka, watoto 160 hupata dozi moja ya surua. Baada ya miaka mitatu, ni watoto wangapi watakuwa hawana ulinzi?

6. Kama ungalikuwa wewe mwuguzi, Jumanne ile ya Februari, vichupa viwili katika frigo, ungalifanya nini? Eleza kwa nini.